Kazi ya mwisho kabla ya wimbo kutoka: masteringi katika studio ya nyumbani mjini Juba

Katika soko la Konyo Konyo, wimbo hupimwa na umati kabla ya kupimwa na mtaalamu yeyote. Makala haya yanaeleza masteringi ni nini, kwa nini rekodi nzuri huweza kuharibika katika hatua hii, na nini kinaweza kufanywa na mtayarishaji mwenye kompyuta moja, chumba kidogo na umeme usiotabirika.

Anayepita katika soko la Konyo Konyo mjini Juba, si mbali na mto Nile, husikia nyimbo kadhaa kwa wakati mmoja. Muuza simu ana spika yake mlangoni, kinyozi ana yake, na dereva wa bodaboda amefunga nyingine ndogo karibu na usukani. Bidhaa nyingi za soko hili huingia kwa barabara ya Nimule kutoka Uganda, na muziki nao umefuata njia hiyo hiyo: wa Kampala, wa Nairobi, wa Dar es Salaam. Katikati ya nyimbo hizo hupigwa pia zile zilizorekodiwa Juba kwenyewe, kwa Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka, Kinuer, Kiingereza, na wakati mwingine Kiswahili.

Hapo ndipo tofauti husikika. Wimbo uliotoka katika studio kubwa ukiisha, na uliorekodiwa katika chumba cha kulala ukaanza, mara nyingi sauti hushuka ghafla. Besi hunguruma bila umbo au hupotea kabisa, na maneno ya mwimbaji hufunikwa na ngoma. Muuza simu hunyoosha mkono na kuuruka. Mwimbaji hakukosea tuni, wala mtunzi hakukosea maneno, lakini wimbo wao umekwisha kukataliwa kabla ya ubeti wa pili.

Kwa wasanii wa Sudan Kusini jambo hili si dogo. Mwaka 2005, mwaka ule ule wa mkataba wa amani uliomaliza vita virefu kati ya kaskazini na kusini, Emmanuel Jal, aliyekuwa askari mtoto na kisha akaishi Kenya, alijulikana kwa wimbo wake "Gua", neno la Kinuer lenye maana ya amani. Mwaka 2016, baada ya mapigano kurejea Juba, wasanii walianzisha kundi la Ana Taban, maneno ya Kiarabu cha Juba yenye maana ya "nimechoka". Katika nchi yenye lugha nyingi na magazeti machache, wimbo ni mojawapo ya njia chache za kuwafikia watu wa kila kabila kwa siku moja. Maneno yasiposikika vizuri, ujumbe haujafika.

Wasikilizaji wetu wengi wanalifahamu hilo kwa njia nyingine. Waliokulia Kakuma, kambi iliyofunguliwa kaskazini mwa Kenya mwaka 1992, walijifunza Kiswahili huko, na leo wanaishi mbali na mto Nile. Wimbo wa nyumbani huwafikia kwa simu au kwa redio. Wao pia huona tofauti hiyo, ingawa huenda hawaijui sababu yake.

Masteringi ni nini, na si nini

Kutengeneza rekodi kuna hatua tatu kuu. Ya kwanza ni kurekodi: kila sauti, iwe ya mwimbaji, gitaa, kinanda au ngoma, huhifadhiwa katika njia yake. Ya pili ni miksingi: njia hizo zote huchanganywa, huyu akipandishwa, yule akishushwa, huyu akiwekwa kushoto, yule kulia, mpaka zinakuwa wimbo mmoja. Ya tatu ni masteringi: wimbo huo uliokwisha kuchanganywa husawazishwa kwa jumla, hupewa ukubwa wa sauti unaofaa, na huandaliwa kwa ajili ya mahali utakaposikilizwa.

Mfano wa mshonaji unaweza kusaidia. Kurekodi ni kukata kitambaa, miksingi ni kushona, na masteringi ni kupiga pasi na kutazama pindo mbele ya mwanga kabla ya nguo kukabidhiwa mwenyewe. Pasi huipendeza nguo iliyoshonwa vizuri. Haiwezi kurefusha mkono uliokatwa mfupi. Vivyo hivyo, ikiwa sauti ya mwimbaji imezama chini ya ngoma, masteringi haitaiokoa, kwa sababu katika hatua hii mwimbaji na ngoma ni kitu kimoja. Anayemwinua mmoja humwinua na mwenzake. Dawa ni kurudi kwenye miksingi.

Kutoka Bombay 1928 hadi chumba cha kulala

Neno lenyewe linatokana na enzi za santuri. Mwaka 1928, Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alisafiri kwa meli hadi Bombay, India, kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Wakati huo sauti ilichorwa moja kwa moja kwenye sahani ya nta, na kutokana na nta hiyo zikatengenezwa pasi za chuma za kupigia chapa santuri za kuuzwa. Ile rekodi ya kwanza ndiyo iliyoitwa masta, yaani asili ambayo nakala zote hutoka kwake. Kosa lililoingia katika masta liliingia katika kila nakala.

Baadaye, kanda za sumaku zilipoenea, fundi aliyehamisha sauti kutoka kanda hadi santuri alikuwa na kazi ngumu. Besi kubwa mno ilipanua mfereji wa santuri hata sindano ikaruka. Sauti kali za "s" na "sh" zilikwaruza. Fundi huyo alilazimika kupunguza hapa na kuongeza pale ili wimbo utoshee katika chombo chake bila kupoteza uzuri wake. Kutokana na kazi hiyo ya uhamishaji ndipo ilipozaliwa sanaa ya masteringi kama tunavyoijua.

Leo hakuna haja ya meli. Programu kama Audacity hupatikana bure, nyingine kama Reaper huuzwa kwa bei nafuu, na kompyuta ya kawaida inatosha kwa kazi yote. Lakini mambo mawili ambayo studio za zamani zilikuwa nayo hayapakuliwi kutoka kwenye intaneti: chumba kinachosema kweli, na masikio ya mtu mwingine.

Chumba ndicho chombo cha kwanza

Watayarishaji chipukizi hutafuta kwanza spika mpya. Hata hivyo, katika chumba kidogo, kuta huathiri besi kuliko spika. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Katika hewa ya joto kama ya Juba, sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde. Chumba chenye urefu wa mita 3 hukuza wimbi ambalo urefu wake ni mara mbili ya hapo, yaani mita 6. Gawanya 350 kwa 6, utapata mitetemo 58 kwa sekunde, yaani Hz 58. Hiyo ni sehemu ile ile ambamo ngoma kubwa na gitaa la besi hukaa.

Tena wimbi hilo halisikiki sawa kila mahali. Karibu na ukuta huvuma kwa nguvu, na katikati ya chumba karibu litoweke. Mtayarishaji aliyeweka kiti chake katikati kabisa husikia besi ndogo, hivyo huiongeza. Akiupeleka wimbo sokoni, besi ile aliyoiongeza hufunika kila kitu. Hakuwa na masikio mabaya, bali alikaa mahali pabaya. Chumba cha mraba huzidisha tatizo, kwa kuwa kuta za pande zote hukuza sauti ile ile.

Hatua ya kwanza, basi, haigharimu chochote. Weka meza kuelekea ukuta mfupi, spika mbili zikiwa na umbali sawa kutoka kuta za kando, na kiti kiwe mbele kidogo ya katikati, si katikati kabisa wala ukutani. Spika mbili na kichwa chako zifanye pembetatu yenye pande sawa.

Hatua ya pili ni kufyonza mwangwi. Blanketi moja lililotundikwa ukutani hufyonza sauti za juu tu, na huiacha besi kama ilivyokuwa. Matokeo yake ni chumba kinachosikika kizito na chenye giza. Kinachohitajika ni unene. Godoro lililosimamishwa kwenye kona, likiwa na nafasi kati yake na ukuta, husaidia zaidi. Magunia ya nguo za mitumba, ambazo Konyo Konyo hazikosekani, yakijazwa bila kushindiliwa na kupangwa kwenye kona kutoka sakafuni hadi juu, hufanya kazi nzuri kuliko sponji nyembamba inayouzwa kwa jina la studio. Sponji hushika moto upesi, na haifai kuwekwa karibu na mshumaa, taa ya mafuta au nyaya zinazopata joto.

Wasio na uwezo wa kurekebisha chumba, au wanaofanya kazi chini ya paa la mabati wakati wa mvua, wanaweza kutegemea vipokea sauti vya masikioni. Hivyo havina kuta, kwa hiyo havidanganyi kuhusu chumba. Vina udhaifu wao: hutenganisha kushoto na kulia kupita kiasi, na kila aina ina rangi yake ya sauti. Njia ya busara ni kuvitumia pamoja na spika, na kusikiliza kupitia vyombo hivyo nyimbo nyingi unazozifahamu mpaka utambue tabia zake.

Umeme, jenereta na kelele

Umeme wa gridi ulirejea katika sehemu za Juba mwishoni mwa mwaka 2019, lakini nyumba na maduka mengi bado hutegemea jenereta, betri au paneli za jua. Kwa studio, jenereta huleta matatizo mawili. La kwanza ni mngurumo unaoingia kwenye kipaza sauti. La pili ni mvumo unaopita ndani ya nyaya, katika Hz 50 na mara zake: 100, 150, 200. Mvumo huo hauonekani sana wakati wa kurekodi. Katika masteringi, sauti nzima inapoinuliwa, nao huinuka, na husikika waziwazi mwimbaji anapovuta pumzi.

Kuuondoa baadaye ni vigumu, kwa sababu kichujio kinachokata Hz 50 na 100 hukata pia sehemu ya besi. Ni heri kuuzuia. Sauti za waimbaji zirekodiwe kompyuta ikiwa inatumia betri yake, chaja ikiwa imechomolewa. Nyaya za umeme zisilale sambamba na nyaya za sauti. Zikilazimika kukutana, zipitane kama msalaba. Wengi hurekodi alfajiri, kabla soko halijaamka. Jenereta iwekwe nje daima, mbali na mlango na madirisha, kwani moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua watu waliolala.

Umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika faili, kazi ya wiki nzima yaweza kupotea. Kila kazi ihifadhiwe katika nakala mbili, kwenye diski mbili tofauti, na mojawapo ikae nje ya nyumba hiyo.

Hatua kwa hatua

Baada ya miksingi kukamilika, pumzika. Masikio yaliyosikiliza wimbo mmoja tangu asubuhi huzoea makosa yake. Usiku mmoja wa mapumziko ni kifaa cha bure kuliko vyote.

Toa wimbo katika faili ya WAV ya biti 24, si MP3. MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili iwe ndogo, na kilichotupwa hakirudi. Acha nafasi juu: vilele vya sauti vikiishia karibu na desibeli 6 chini ya sifuri ni vyema. Katika sauti ya kidijitali sifuri ni dari. Wimbi linaloigonga hukatwa kichwa, na ukataji huo husikika kama mkwaruzo.

Kisha sikiliza wimbo wote mara moja bila kugusa chochote, kalamu mkononi. Andika unachosikia kwa maneno ya kawaida: "kibwagizo ni hafifu kuliko ubeti", "s zinachoma", "besi inavuma dakika ya pili". Orodha hiyo ndiyo kazi yako. Kisichokuwa ndani yake usikiguse.

Kifaa cha kwanza ni ikwalaiza, inayopandisha au kushusha sehemu fulani za sauti. Binadamu husikia kuanzia Hz 20 hadi 20,000 hivi. Chini ya Hz 30 spika nyingi hazitoi chochote cha maana, lakini nguvu iliyomo humo hula nafasi, kwa hiyo ikatwe. Uvimbe wa chumba kidogo hukaa mara nyingi kati ya Hz 200 na 400. Ung'avu wa maneno hukaa kati ya 2,000 na 5,000. Katika masteringi desibeli 1 au 2 ni badiliko kubwa. Ukijikuta unahitaji desibeli 5, wimbo unakuambia urudi kwenye miksingi.

Kifaa cha pili ni kompresa. Hiki hushusha kidogo sehemu zenye nguvu ili sehemu tulivu zisipotee, kama mwalimu wa kwaya anayemwashiria mwenye sauti kubwa apunguze. Kishushe desibeli 1 hadi 2 tu, kwa uwiano mdogo. Kikizidi, ngoma hupoteza pigo lake na wimbo wote huanza kuhema.

Kifaa cha tatu ni limita, kompresa kali isiyoruhusu wimbi lolote kupita dari uliyoiweka. Dari hiyo iwe desibeli 1 chini ya sifuri. Nafasi hiyo ndogo inahitajika kwa sababu wimbo unapogeuzwa kuwa MP3 au faili nyingine iliyobanwa, vilele vyake huweza kupanda kidogo kuliko vilivyokuwa.

Katika hatua zote linganisha kazi yako na wimbo mmoja au miwili ya mtindo ule ule ambayo soko limekwisha kuikubali. Lakini kwanza ushushe wimbo wa mfano mpaka ulingane na wako kwa ukubwa wa sauti. Sikio la binadamu hupenda chenye sauti kubwa na hukidhania kuwa kizuri. Zaidi ya hayo, watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi kidogo kuliko inavyostahili. Bila kusawazisha ukubwa, unalinganisha vipimo viwili visivyofanana.

Kwa sababu hiyo pia, chagua kiwango kimoja cha sauti na ukibakie, kiwango ambacho wawili mnaweza kuzungumza bila kupaaza. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na inavyopanda ndivyo muda unavyopaswa kupungua. Sikio likiharibika halina fundi.

Vita vya ukubwa wa sauti

Kwa miaka mingi kampuni za muziki zilishindana kufanya rekodi zenye sauti kubwa kuliko za wenzao, kwa kuziminya kwa limita. Albamu ya kundi la Metallica, "Death Magnetic", iliyotoka mwaka 2008, ililalamikiwa na mashabiki wenyewe kwa kuminywa hadi kukwaruza. Watayarishaji wengi wa nyumbani bado wanapigana vita hivyo bila kujua kuwa kanuni zimebadilika.

Leo majukwaa makubwa ya kusikilizia muziki hupima ukubwa wa wastani wa kila wimbo, kwa kipimo kiitwacho LUFS, kisha husawazisha. Spotify hulenga LUFS 14 chini ya sifuri, na YouTube hushusha nyimbo zinazozidi hapo. Apple Music hulenga 16 chini ya sifuri. Kwa hiyo wimbo ulioiminya sauti yake hadi LUFS 8 chini ya sifuri utashushwa kwa desibeli 6. Utasikika kwa ukubwa sawa na wa jirani yake, ila wenyewe umekwisha kupoteza pigo la ngoma na pumzi ya mwimbaji. Ulilipa gharama, ukakosa bidhaa.

Je, Konyo Konyo kuna usawazishaji huo? Mara nyingi hakuna. Wimbo uliohamishwa kutoka simu hadi simu, au kuwekwa kwenye flashi ya spika, hupigwa kama ulivyo. Huo ndio ukweli unaowasukuma watayarishaji wa Juba kupandisha sauti. Suluhisho la kati linafaa: wimbo wa kucheza wenye wastani wa LUFS 9 hadi 11 chini ya sifuri utasimama sokoni bila kuvunjika, na ukishushwa mtandaoni bado utakuwa na uhai. Vipimo vya LUFS hupatikana bure, kikiwemo kile cha Youlean.

Redio nayo ina tabia zake. Vituo vya FM, kama Radio Miraya na Eye Radio zinazosikika Juba, hupitisha kila wimbo katika mitambo inayosawazisha sauti kabla ya kurushwa. Wimbo uliokwisha kuminywa ukiminywa tena huchafuka. FM haibebi sauti zilizo juu ya Hz 15,000, na namna inavyorushwa huzipa nguvu sauti za juu, hivyo "s" na "sh" zinazochoma kidogo nyumbani zitachoma zaidi redioni. Kwa lugha kama Kiswahili na Kiarabu, ambazo hazina upungufu wa herufi hizo, mtayarishaji hana budi kuzituliza mapema, hasa katika njia ya mwimbaji wakati wa miksingi.

Jaribio la soko

Kabla ya kuutoa wimbo, upeleke mahali utakaposikilizwa. Anza na simu. Spika ya simu haitoi besi ya Hz 50. Ngoma yako kubwa ikiwa na sauti hiyo peke yake, kwenye simu itatoweka. Lakini sikio lina maajabu yake: likisikia mitetemo 100, 150 na 200 kwa pamoja, ubongo hujaza ile 50 isiyokuwepo. Ndiyo maana watayarishaji huongeza ukali kidogo katika besi, ili ipate mitetemo hiyo ya juu na isikike hata katika kifaa kidogo.

Pili, sikiliza kwa spika moja tu. Spika nyingi za sokoni huunganisha kushoto na kulia kuwa sauti moja. Kinanda kilichopanuliwa sana pande mbili huweza kujifuta chenyewe kinapounganishwa. Programu nyingi zina kitufe cha kubadili sauti iwe ya njia moja. Kibonyeze kabla soko halijakubonyezea.

Tatu, sikiliza ukiwa nje, magari yakipita. Je, maneno ya ubeti wa kwanza yanasikika? Mwombe mtu asiyeujua wimbo ayarudie. Akishindwa mstari mmoja, huenda ni lugha. Akishindwa mistari mitatu, ni miksingi.

Lini umpe mtu mwingine

Kuna mipaka. Aliyeutunga wimbo, akaurekodi na kuuchanganya, hausikii tena kama mgeni. Studio nyingi humpa mtu mwingine kazi ya masteringi, na hasa kinachonunuliwa hapo ni masikio mapya, si mashine za bei. Wasanii wengi wa kanda hii hutuma faili Kampala au Nairobi. Asiyemudu gharama hiyo anaweza kubadilishana na mwenzake: wewe umalizie wimbo wake, yeye amalizie wako. Mkubaliane kwa maandishi nani anamiliki nini kabla ya faili kutoka mkononi, kwani urafiki hauna risiti.

Huduma za mitandaoni zinazofanya masteringi kwa kompyuta pekee hutoa matokeo ya kuridhisha kwa mitindo iliyozoeleka. Hazijui, hata hivyo, kwamba katika wimbo huu ngoma ndiyo inayotangulia na gitaa hufuata, au kwamba neno fulani la Kibari ndilo linalobeba wimbo mzima. Mtu wa hapo analijua.

Faili za mwisho

Kazi ikikamilika, hifadhi faili tatu: miksingi ya biti 24 isiyoguswa, masta ya biti 24, na nakala ya biti 16 yenye sampuli 44,100 kwa sekunde, ambayo ndiyo kipimo cha diski za CD. MP3 ya kusambaza itoke katika masta, kamwe isitoke katika MP3 nyingine. Wimbo unaouzwa mtandaoni hupewa pia namba ya utambulisho ya ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo husaidia malipo kumfikia mwenyewe.

Ndani ya faili andika majina: mtunzi, mwimbaji, wapigaji, lugha, mahali na mwaka. Nyimbo nyingi za bendi za Tanzania za miongo ya 1970 na 1980 tunazo leo kwa sababu Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi na kuzitunza kanda zake. Juba haina ghala kubwa la namna hiyo la nyimbo zinazotengenezwa vyumbani. Diski ya mtayarishaji ndiyo ghala lenyewe, na ikifa bila nakala, nyimbo zilizomo hufa nayo, hata zile ambazo Konyo Konyo nzima iliwahi kuzicheza.